Mgomo hauletwi na pesa peke yake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mgogoro wa kazi unapopamba moto, maneno huwa yale yale, kwa mabosi na kwenye vibanda vya chai vilevile. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengi yanapotosha, na mwajiri anayeyaamini hulipa gharama.

"Wanagoma kwa sababu ya pesa, basi."

Pesa imo, hakuna anayebisha. Lakini tazama yaliyotokea Dar es Salaam baada ya TANU, chama tawala wakati huo, kutoa Mwongozo, tamko lake la siasa, mwaka 1971. Kifungu cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na jeuri, majivuno na dharau. Wafanyakazi wakakishika barabara. Kufikia 1973, viwanda kadhaa vilikuwa vimeshasusiwa kazi, na mameneja wengine walijikuta wamefungiwa nje ya geti. Hoja kubwa mara nyingi ilikuwa matusi na ubabe, siyo mshahara.

Wanaochunguza mwenendo wa watu kazini wana maelezo ya jambo hili: mtu hupima alichopewa, na hupima pia alivyopewa. Mwaka 1990 Mmarekani Jerald Greenberg alichapisha utafiti juu ya viwanda vya kampuni moja iliyokata mshahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10. Katika kiwanda kimoja, rais wa kampuni alikaa na wafanyakazi kama saa moja na nusu, akaeleza hesabu ilivyo, akajibu maswali, akaonyesha kusikitika. Kwenye kingine, kikao kilichukua takribani dakika 15, bila maelezo ya maana. Makato yalikuwa sawasawa. Wizi uliongezeka kote kuwili, ila kwenye kiwanda cha dakika 15 ulizidi kwa mbali. Ukiniuliza mimi, ile saa moja na robo ya ziada ndiyo matumizi bora kabisa ya muda wa bosi niliyowahi kuyasoma.

Madaktari wa Kenya nao walitia saini mkataba wa pamoja na serikali Juni 2013. Zaidi ya miaka mitatu ikapita bila mkataba huo kutekelezwa, ndipo wakagoma Desemba 5, 2016. Mgomo ukadumu siku 100. Ndiyo, mkataba ulikuwa na tarakimu za mishahara, lakini kilichowafanya wavumilie siku 100 ni hisia kwamba wamechezewa. Mwaka 2024 wakagoma tena, safari hii siku 56. Moja ya hoja kuu ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi, yaani walio kwenye mafunzo ya vitendo: serikali ilitaka kuwapa Sh70,000 kwa mwezi, ilhali makubaliano ya 2017 yalisema takribani Sh206,000. Anayevunja ahadi mara moja huingia mazungumzo yanayofuata akiwa hana mtaji.

"Viongozi wa chama cha wafanyakazi ndio wachochezi. Tukiwadhoofisha, tutapumua."

Januari 1947 Mombasa ilisimama: bandari, reli, mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani. Takribani watu 15,000 waligoma, na hapakuwa na chama kilichowaandaa. Chama chenyewe, African Workers' Federation, kiliundwa mgomo ukiwa umeshaanza. Hasira haihitaji katibu mkuu. Bila chama, mwajiri anakosa mtu mmoja wa kukaa naye mezani.

Jambo ambalo mameneja wengi hawalioni ni kwamba mwenyekiti wa tawi ana majadiliano mawili. La kwanza ni na mwajiri, la pili ni na wanachama wake, na hilo la pili ndilo gumu. Akirudi mikono mitupu, au mwajiri akitangaza makubaliano kwa waandishi wa habari kabla yeye hajayafikisha kwa wenzake, ataambiwa amenunuliwa. Baada ya hapo hana nguvu ya kuzuia chochote. Mwajiri mwerevu humpa cha kuondoka nacho: hesabu za kampuni kwenye karatasi, tarehe ya utekelezaji, jina la atakayewajibika.

"Mahakama itawarudisha kazini."

Februari 13, 2017, viongozi saba wa chama cha madaktari Kenya walifungwa jela mwezi mmoja kwa kudharau amri ya kusitisha mgomo. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufani ikawatoa ili mazungumzo yaendelee. Mgomo uliisha Machi 14, mezani.

"Kugoma ni kuvunja sheria."

Si kweli. Kenya, haki hiyo imo kwenye Ibara ya 41 ya Katiba, na ilani ya kugoma ni ya siku saba. Tanzania, mgogoro hupita kwanza Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa siku 30, kisha ilani ya saa 48. Huduma muhimu kama maji, umeme na afya zina vizuizi vyake.

"Baraza la wafanyakazi tunalo, na Mei Mosi tunagawa fulana."

Fulana ni nzuri. Ila baraza linaloitwa kupitisha bajeti iliyokwisha kuamuliwa, wajumbe wakasaini posho wakaondoka, halizuii mgomo. Linazuia pale malalamiko ya kikao kilichopita yanaposomwa moja moja na kila moja likawa na jibu, hata likiwa hapana yenye sababu.

"Hakuna aliyegoma, basi kuko shwari."

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mgomo baridi hauna ilani wala mabango. Watu wanasaini daftari la mahudhurio, wanakunywa chai taratibu, faili linakaa mezani wiki nzima, mashine inaharibika mchana na fundi anaonekana jioni. Msimamizi wa zamu huyaona haya miezi kabla ya mkurugenzi, lakini wasimamizi wengi walipandishwa cheo kwa kuijua mashine, na hawajafundishwa kumsikiliza mtu. Kabla ya kuajiri wakili wa migogoro ya kazi, ningeanza kwa kuwafundisha hao, na kwa kuuliza ni malalamiko mangapi ya maandishi yamelala masijala zaidi ya mwezi.