Mkimbizi si mhalifu aliyetoroka kwao

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba wakimbizi ni wahalifu waliotoroka sheria kwao, unapotosha. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Ibara ya 1F, unamnyima hadhi ya ukimbizi anayeshukiwa kwa sababu nzito kutenda uhalifu wa kivita au kosa kubwa la jinai lisilo la kisiasa kabla ya kupokelewa nchi ya hifadhi. Usome mwenyewe, upo mtandaoni.

Mkanganyiko una chanzo: mwaka 1994 wauaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walijichanganya na raia waliokimbilia kambi za wakimbizi za Goma, mashariki mwa Kongo. Lakini msichana aliyekimbia vita Kivu, huko huko mashariki mwa Kongo, akiwa mtoto ana kosa gani? Darasani Nairobi wenzake humsogezea dawati pembeni, wakimwita muasi, kwa maneno waliyoyasikia nyumbani. Inauma sana. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.