Madrid hadi Barcelona: jina la stesheni si mji

Ujumbe umekuja tena jana, wa tatu mwezi huu: "Tunatoka Madrid kwenda Barcelona kwa treni. Tutashuka Guadalajara tupige picha, tunywe kahawa, tupande inayofuata. Tarragona nako vilevile." Kazi yangu ni kuwapangia watu safari, na nimechoka kujibu hili kwa sauti ya upole. Naandika mara moja, wengine nitawatumia hapa.

La tiketi nilimalize haraka. AVE, treni ya kasi ya Uhispania, si daladala. Tiketi ni ya treni moja, saa moja, kiti kimoja. Ukishuka njiani, iliyobaki ni karatasi tu. Anayetaka kusimama hukata vipande viwili tangu mwanzo, tena mapema. Mizigo hupita kwenye mashine ya ukaguzi, na mlango wa kuendea treni hufungwa kabla ya muda wa kuondoka. Usije ukatupungia mkono kupitia kioo.

Sasa linaloniudhi. Watu huangalia ramani, wanaona nukta yenye jina la mji, wanaamini mji uko pale. Njia hii ya kilomita 621, iliyofika Barcelona mwaka 2008, ilijengwa kwa treni za kilomita 300 na zaidi kwa saa. Mwendo huo hautaki kona. Reli haikuingia kila mji kusalimia. Miji mingine iliwekewa stesheni huko porini ikaachiwa jina. Aliyeshukia Miritini akiwa na hamu ya kuona Mji wa Kale wa Mombasa ananielewa.

Stesheni ya kasi ya Guadalajara iko Yebes, kama kilomita 10 kutoka mjini, kando ya mtaa mpya ambao msukosuko wa uchumi wa 2008 uliukuta haujamalizika. Hiyo picha utampiga nani? Kinachochekesha ni kwamba treni ya kawaida ya vitongoji, kutoka Madrid hiyohiyo, inakufikisha Guadalajara yenyewe. Camp de Tarragona, stesheni ya kasi ya Tarragona, nayo iko mashambani. Tarragona halisi ina stesheni yake ya zamani, ufukweni, na ukipanda kidogo unaukuta uwanja wa michezo wa Warumi ukitazama bahari. Mji huo sikuambii uuache! Nakuambia uuendee siku nyingine, kutoka Barcelona, kwa treni ya kawaida.

Ukiniuliza mimi, kituo cha njiani ni kimoja: Zaragoza. Treni nyingi husimama, na kutoka Madrid ni kama saa moja na robo. Stesheni yake, Delicias, si katikati kabisa ya mji, lakini Aljafería unaifikia kwa miguu. Ni ikulu ya watawala wa Kiislamu ya karne ya 11, matao yake yamepishana na kusukana kama ukili. Leo bunge la mkoa wa Aragón linakaa humo. Ukimaliza, chukua basi hadi kanisa la Pilar, kando ya mto Ebro. Saa tano zinatosha, sita ndiyo raha. Ila kabla hujakata tiketi, hakikisha umejua begi utaliacha wapi. Nimeona mtu akiliburuta sanduku juu ya mawe ya mji mkongwe mchana wa Julai, na ikulu hakuikumbuka hata kidogo. Alikumbuka gurudumu lililong'oka.

Calatayud naipenda kwa upendeleo, nakiri. Jina lenyewe ni la Kiarabu, ngome ya Ayubu, na minara yake ya matofali ya mtindo wa Mudéjar, ujenzi wenye sanaa ya Kiislamu, inaonekana kama imesahau kwamba ni ya makanisa. Lakini treni za kasi zinazosimama pale ni chache. Ukikosa moja utakaa sana na Ayubu.

Lleida ndiyo inayonishinda. Stesheni iko mjini, kanisa kuu la zamani, Seu Vella, liko juu ya kilima na unaliona ukiwa mbali. Kwa vipimo vyangu mwenyewe ningepaswa kuisifu. Hata hivyo wateja niliowapeleka nusu walinishukuru na nusu walininunia. Majira ya baridi ukungu hulala bondeni na kilima hukioni kabisa. Mwaka huu nimeiondoa kwenye ratiba mara mbili, nikairudisha mara mbili.