Kushiriki sio lazima uweke mkono

Jana tena kijiweni pale Mbuyuni, Moshi, mtu anasema "yule polisi mwingine alionewa bwana, hakushiriki, si alisimama tu?" Anamsema Tou Thao, kwenye kesi ya George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi Minneapolis, Marekani, Mei 25, 2020. Nimeshaisikia hiyo kauli mara nyingi mno, nimechoka, ndo maana naandika.

Mshiriki wa kosa ni aliyesaidia litendeke huku akijua kinachoendelea. Basi.

Wapi kwenye hilo neno pameandikwa kugusa? Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kuwa na fungu kwenye jambo pamoja na wenzako, humohumo imetoka shirika, shirki ya kwenye dini, na ushirika, na ushirika sisi watu wa Moshi hatuhitaji kufundishwa, KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933. Mmoja anachuma kahawa, mwingine anaikoboa, karani wa chama cha msingi yeye amekaa kwenye mizani anaandika kilo, hajashika tawi hata moja, ila nani anaweza kumwambia hayumo?

Sasa njoo kwa Tou Thao. Aliyeweka goti shingoni kwa Floyd ni polisi mwenzake, Derek Chauvin, dakika 9 na sekunde 29. Muda huo Thao amewageukia watu anawazuia wasisogee, wanapiga kelele jamaa hapumui, kuna dada wa zimamoto hayuko zamu anaomba wampime mapigo, anaambiwa arudi nyuma. Mahakamani Thao akajifananisha na koni ya barabarani. Lakini koni si ndo inafunga njia? Msaada ulikuwa hatua chache na yeye ndo aliyeuzuia. 2023 jaji akamkuta na hatia ya kusaidia kuua bila kukusudia, miaka 4 na miezi 9.

Aliyesimama tu ni yule binti wa miaka 17 aliyerekodi na simu, yule ni shahidi, hakuwa na sare wala amri juu ya mtu.

Hata kwetu, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 22 inamhesabu anayetenda na anayeacha kutenda jambo ili kumwezesha mwenzake kufanya kosa.

Kwa hiyo ndugu yangu ukitaka kumtetea mtetee, sema hakujua hali imefika pale, sema adhabu ilizidi, hayo tutabishana. Ila usiseme hakushiriki, sema hakuweka goti.