Buddenbrooks: ninachokipenda na kinachonikera

Nafundisha riwaya, na mwanafunzi akitaka riwaya nzuri ya familia, mara nyingi humtajia Buddenbrooks ya Thomas Mann. Humwambia pia mapema kwamba kuna kurasa zitakazomuudhi, maana zinaniudhi na mimi.

Ilitoka Ujerumani mwaka 1901, Mann akiwa na miaka 26. Mchapishaji Samuel Fischer alitaka aipunguze kwa nusu. Kijana akagoma, na heri aligoma. Inafuata vizazi vinne vya wafanyabiashara wa nafaka katika mji wa bandari usiotajwa jina, ingawa anayeijua Lübeck, alikozaliwa mwandishi, hapotei. Tunaanza mwaka 1835 kwa karamu ya kuhamia nyumba mpya. Kitabu kikiisha, nyumba imeuzwa, kampuni imefungwa, na mrithi wa kiume amezikwa.

Kinachonishika zaidi ni daftari la ukoo. Humo huandikwa ndoa, vizazi, maradhi na vifo. Binti wa nyumba, Tony, anampenda Morten, mwanafunzi wa udaktari, lakini wazazi wanamtaka aolewe na Grünlich, mfanyabiashara wa Hamburg. Hakuna anayempiga wala kumfungia ndani. Anakaa peke yake na lile daftari, anasoma habari za waliomtangulia, kisha anachukua kalamu na kuandika mwenyewe kwamba amechumbiwa na Grünlich, tarehe 22 Septemba 1845. Sijui riwaya nyingi zinazoonyesha kwa uwazi hivi jinsi ukoo unavyomfanya mtu ajitolee kafara huku akijiona ameheshimiwa. Grünlich naye alikuwa anafukuzia marki 80,000, fedha ambazo kwa desturi yao hutolewa na upande wa bibi harusi. Alikwisha zama kwenye madeni, na vitabu vya hesabu alivyomwonyesha baba mkwe vilikuwa vya uongo.

Miaka mingi baadaye, Hanno, mtoto wa Thomas kaka yake Tony, analikuta daftari liko wazi mezani. Anasoma mpaka kwenye jina lake, anachukua rula na kupiga mistari miwili chini yake. Baba anapomuuliza kwa hasira, anajibu kwamba alidhani hakuna kitakachofuata. Mann hatoi maelezo yoyote hapo, na ndivyo ilivyotakiwa.

Kifo cha Hanno wasomaji wengi hawakipendi. Sura inaeleza homa ya matumbo hatua kwa hatua, kama kitabu cha tiba, bila kumtaja mtoto hata mara moja. Mimi naitetea sura hiyo kwa nguvu zote. Tumetoka kuishi na Hanno siku yake nzima ya shule, kwa urefu unaochosha makusudi. Tunamjua kiasi kwamba kila dalili inayotajwa tunaiona mwilini mwake.

Sasa yanayonikera. Gerda, mke wa Thomas, amebaki fidla, ngozi nyeupe na vivuli vya buluu pembeni mwa macho. Kila akiingia tunarudishiwa vivuli vilevile. Hilo navumilia. Nisilolivumilia ni jinsi huruma ya kitabu inavyoishia getini. Mwaka 1848 wafanyakazi wanakusanyika kudai haki, na Mann anawafanya kichekesho: Corl Smolt anadai jamhuri, anaambiwa tayari anayo, anajibu basi wapewe nyingine. Baada ya hapo wanatawanyika kwa adabu. Watu hawa ndio waliobeba magunia yaliyoijenga ile nyumba.

Zaidi ni Anna, muuza maua. Thomas alikuwa na uhusiano naye ujanani, akamuacha kwa maneno mazuri kwa sababu kampuni ilihitaji ndoa yenye fedha. Anarudi Thomas akiwa maiti: ni mke wa mtu sasa, mjamzito, anaomba kumwona, analia kidogo, anaondoka. Basi. Mwandishi aliyetukalisha kwenye karamu moja kwa sura kadhaa, sahani baada ya sahani, hakushindwa kumpa mwanamke huyu kurasa kumi za kwake.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wakimaliza kitabu, kazi ninayowapa ni kuiandika sura ya Anna: kuanzia siku aliyoachwa, mpaka anabisha hodi kwenye nyumba ya msiba.