Kikoa cha kampuni yako kimeandikwa jina la nani?

Ukimlipa fundi akutengenezee tovuti, anakupa risiti. Risiti hiyo inathibitisha kwamba umelipa, basi. Mwenye kikoa, yaani jina la tovuti yako mtandaoni linaloishia na .co.tz au .com, ni yule ambaye jina lake liko kwenye rejesta, daftari rasmi la vikoa, na kwa vitendo ni yule anayeshika nywila ya akaunti iliyoko kwa msajili, kampuni inayosajili vikoa, pamoja na barua pepe iliyoifungulia. Kazi yangu ni kuwatunzia wafanyabiashara vikoa na barua pepe, na mteja mpya akija namuuliza hilo kwanza, kabla hatujagusa rangi na picha za tovuti. Wengi hujibu, "Ni ya kwetu hiyo, tunalipia kila mwaka." Aliyewahi kununua kiwanja kupitia dalali, hati ikatoka kwa jina la dalali, anajua jibu hilo lina uzito gani.

Kuangalia ni kazi ya dakika chache. Kwa .co.tz tafuta kwenye WHOIS (huduma ya kutafuta taarifa za kikoa) ya rejesta ya .tz, iliyo chini ya uangalizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa .co.ke nenda KeNIC, rejesta ya Kenya, kwa .com tumia ukurasa wa kutafutia wa ICANN, shirika linaloratibu vikoa duniani. Soma jina la mwenye kikoa, jina la msajili na tarehe ya kuisha. Tangu 2018, sheria ya faragha ya Ulaya ilipoanza kutumika, wasajili wengi huficha majina ya wenye vikoa vya .com, kwa hiyo huko huenda usione kitu. Hapo omba kufunguliwa akaunti yenyewe uisome kwa macho yako. Fundi akianza kuzungusha maneno, umeshapata jibu.

Kampuni moja ya kupeleka watalii mbugani, ya Arusha, ilinijia na tatizo hilo. Jina kwenye rejesta: la kijana aliyewatengenezea tovuti. Sehemu ya kampuni: tupu. Barua pepe: Gmail ya kijana huyohuyo. Mwenye kampuni akaniambia, "Kaka, yule ni kama mwanangu, hawezi kuniibia." Na kweli hakuiba chochote. Alikwenda kusoma ng'ambo, laini yake ya simu ya hapa ikafungwa, na ile Gmail hakuigusa tena. Google nao walitangaza 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Kwa hiyo tulikuwa na kikoa hai ambacho hakuna mtu duniani aliyeweza kukifungulia mlango. Tulipeleka kwa msajili cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, namba ya mlipakodi (TIN), ankara za zamani, na barua ya kijana pamoja na nakala ya pasipoti yake. Ilipita kwa sababu kijana alikubali kuandika. Angekuwa amekasirika, au amefariki, sijui tungeshika wapi.

Watu hudhani hatari ni kupoteza tovuti. Tovuti hujengwa upya. Kilichomkosesha mzee yule usingizi ni barua pepe: mawakala wa Ujerumani na Uholanzi wanaandika kwenye anwani ile ile miaka nenda rudi, na anayeshika kikoa anaweza kuzielekeza barua zote kwake. Anaweza pia kubonyeza "nimesahau nywila" kwenye huduma yoyote iliyofunguliwa kwa anwani hiyo.

Hapo pana mtego ambao hata wenye uzoefu huuingia. Wanasajili kikoa kwa jina la kampuni, vizuri kabisa, halafu wanaweka barua pepe ya info@ ya kikoa hichohicho. Kikoa kikiisha muda, barua pepe inakufa nacho, na kiungo cha kurejesha nywila kinatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Weka anwani iliyo nje ya kikoa hicho, ya kampuni na si ya mfanyakazi, ambayo watu wawili wanaoaminika wanaifungua.

Malipo ya kujirudia nayo yana kisa chake. Wengi wetu tunaweka kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, siku ya makato haina salio, na arifa inakwenda kwa fundi aliyekwisha ondoka. Kwa .com, msajili anaweza kukupa hadi siku 45 baada ya kuisha, wengine hukupa chache. Kisha kuna siku 30 za kukikomboa kwa ada kubwa, siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu yeyote anachukua. Lipia miaka kadhaa kwa mkupuo; .com inaruhusu hadi 10. Desemba 1999 Microsoft walisahau kulipia passport.com, watu wakashindwa kuingia Hotmail, mpaka mtaalamu mmoja wa kompyuta Marekani alipowalipia dola 35 kutoka mfukoni mwake.

Wizi hasa ni habari nyingine. Gary Kremen alisajili sex.com mwaka 1994. Mwaka uliofuata Stephen Cohen akamtumia msajili barua ya kughushi na kikoa kikahamishwa. Kremen alikirudisha kupitia mahakama na mwaka 2001 akapewa tuzo ya dola milioni 65, lakini Cohen alishakimbilia Mexico. Siku hizi mwizi hahitaji barua, nywila inatosha. Washa uthibitishaji wa hatua mbili na kufuli ya uhamisho, inayozuia kikoa kuhamishwa kwenda kwa msajili mwingine.

Kama kikoa kimeshikwa na fundi, kidai mkiwa bado mnaelewana. Kwa .com, mwenye jina kwenye rejesta akiomba namba ya siri ya uhamisho, msajili anatakiwa kuitoa ndani ya siku 5. Ndiyo maana jina libadilishwe kwanza, ingawa baadhi ya wasajili hufunga uhamisho kwa siku 60 baada ya badiliko hilo. Usitegemee sana UDRP, utaratibu wa migogoro ya .com: unadai uwe na haki ya alama ya biashara, na kusajili jina la biashara BRELA hakukupi haki hiyo. Tena wasuluhishi mara nyingi huuona ugomvi wa kampuni na fundi wake kuwa suala la mkataba, wakawaambia mwende mahakamani. Kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba kikoa kinasajiliwa kwa jina la kampuni, na malipo ya mwisho yatoke siku ambayo wewe mwenyewe umeingia kwenye akaunti na kubadilisha nywila.