Dirisha la bafu na baridi ya Julai

Nairobi ikifika Julai, madirisha ya bafuni hufungwa. Nje kuna unyevu, watu husema, tukifungua utaingia na kuvu itazidi. Ukuta ukishika madoa meusi hupigwa jiki, na baada ya wiki chache madoa yamerudi.

Mambo ni kinyume. Maji yanayolowesha ukuta hutoka kwenye shawa. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 25 hubeba hadi gramu 23 hivi za mvuke. Ikipoa kufikia 15, haibebi zaidi ya 13. Zile 10 zilizokosa nafasi ndizo matone unayoyaona kwenye kioo, vigae na dari. Hewa ya nje asubuhi ya baridi, hata kukiwa na manyunyu, ina mvuke mchache kuliko ya bafu ulilotoka kuoga. Ikiingia na kupata joto, hukausha.

Jiki husafisha vigae vizuri. Kwenye plasta huondoa zaidi weusi wa juu, na unyevu ukibaki kuvu huota upya. (Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya klorini.)

Mimi hufunga mlango wa bafu, nikaacha dirisha wazi nusu saa. Bafu lisilo na dirisha linahitaji feni ya kutoa hewa, pamoja na upenyo chini ya mlango, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyo na pa kuingilia. Mombasa kazi ni kubwa zaidi: hewa ya nje yenyewe imejaa mvuke, kwa hiyo feni iachwe izunguke muda mrefu.