Muundi Kuvunjika Gotini: Yanayodhaniwa kuhusu Upasuaji na Ukweli Wake

Muundi unapovunjika kwa juu, mahali unapokutana na mfupa wa paja, huvunjika pamoja na sakafu ya goti, ile iliyofunikwa gegedu na kubeba uzito wa mwili katika kila hatua. Wapo wanaoumia hivyo kwa kuanguka na bodaboda, na wapo wazee ambao kujikwaa tu kunatosha.

Dhana iliyoenea kuliko zote, na yenye kuwatesa ndugu wa mgonjwa wodini, ni kwamba daktari anayechelewa kupasua amezembea. Ukweli ni kwamba ngozi ya sehemu hii ni nyembamba, na mguu uliovimba hadi ngozi ikang'aa na kutoa malengelenge haufai kupasuliwa, kwa kuwa kidonda kinaweza kukataa kufunga na usaha ukafika hadi kwenye chuma kilichowekwa kushikilia mfupa. Mara nyingi goti hutulizwa kwanza kwa fremu ya nje, iliyoshikizwa kwa vyuma kwenye paja na kwenye muundi, mpaka ngozi ianze kuonyesha tena mikunjo yake midogo, jambo linaloweza kuchukua wiki moja hadi mbili. Kungoja huko hakuhusu mfupa uliotoboa ngozi, ateri ya nyuma ya goti iliyokatika, wala shinikizo linalopanda ndani ya misuli ya mguu. Dalili ya shinikizo hilo ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi vidole vya mguu vinaponyooshwa, nayo ni dharura ya saa, si ya siku.

Wengine huamini kwamba mpasuo mmoja mkubwa katikati ya goti ndio unaomwezesha daktari kuona kila kitu, na hivyo mgonjwa mwenye makovu mawili hudhani kwamba la kwanza lilikosewa. Njia hiyo ya katikati ilitumika sana zamani kuweka sahani za chuma pande zote mbili, lakini ilivibandua vipande vya mfupa kutoka kwenye nyama inayovilisha damu, na vidonda vingi viliharibika. Siku hizi, mfupa uliovunjika pande zote mbili hufikiwa kwa mipasuo miwili iliyoachana vya kutosha, mmoja mbele upande wa nje na mwingine nyuma upande wa ndani.

Njia ya upande wa nje ndiyo inayotumika zaidi. Daktari huinua meniskasi, ule mto wa gegedu ulio kati ya mifupa ya goti, ili aone uso wa kiungo, husukuma kutoka chini kipande kilichodidimia hadi kirudi usawa wake, kisha hujaza pengo lililobaki kwa mfupa, mara nyingi uliochukuliwa nyongani, au kwa kitu mbadala. Hata hivyo, si kweli kwamba sahani ya upande wa nje inatosha kwa kila mvunjiko. Uainishaji wa Schatzker wa mwaka 1979, unaoipanga mivunjiko hii katika aina sita, ulitegemea eksirei za kawaida, na picha iliyopigwa kutoka mbele huficha kwa urahisi kipande kilichokatika nyuma. Ndiyo maana CT scan, yaani eksirei inayouonyesha mfupa kipande kwa kipande, ina uzito mkubwa hapa: huonyesha ni upande gani umevunjika, na upande huo ndio unaochagua njia ya kuingilia. Kipande cha nyuma kwa ndani hukwepa skrubu zinazotoka nje, hivyo mpasuaji hupita ukingoni mwa msuli wa shavu la mguu, akausogeza pembeni ukiwa ngao ya ateri na neva, na kuweka sahani nyuma ya kipande hicho kisiteleze kushuka.

Si kila mvunjiko unahitaji kisu. Usiosogea, katika goti lililo imara, unaweza kutibiwa bila upasuaji.

Baada ya upasuaji, wengi hulifunga goti lisiguswe, huku wengine wakikanyaga mapema kwa kuamini kwamba chuma kinabeba uzito. Kinachotakiwa ni kinyume cha yote mawili: goti lianze kukunjwa mapema, kwa mwongozo wa mtaalamu wa fiziotherapia, kabla halijakakamaa, na mguu usibebeshwe uzito wote kwa kipindi ambacho kwa kawaida ni wiki 6 hadi 12, mgonjwa akitembea kwa magongo.